Alister MacKenzie: Daktari Aliyempa Kila Mchezaji Njia Yake

Wanachuo wenzangu, uwanja wa Kaitaba pale Bukoba na uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam ni ndugu wa tumbo moja: pembe nne, magoli mawili, mstari wa katikati. Ukiujua mmoja umeijua yote. Gofu haiko hivyo. Uwanja wake una mashimo 18, na kila shimo lina urefu wake, mteremko wake na mitego yake. Maana yake kuna mtu alikaa akaitazama ardhi, akaamua hapa mchezaji apate tabu kidogo na pale apumue. Kati ya watu waliofanya kazi hiyo, yupo mmoja anayetuhusu sana sisi tunaosomea ualimu, hata kama wengi wetu hatujawahi kushika fimbo ya gofu. Ni Alister MacKenzie.

Alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Normanton, kaskazini mwa Uingereza, kwa wazazi wenye asili ya Uskoti. Baba yake alikuwa daktari, naye akafuata njia hiyo hiyo, akasomea Cambridge. Vilipozuka Vita vya Makaburu, vya 1899 hadi 1902, alikwenda Afrika Kusini kama daktari wa jeshi la Waingereza. Tusisahau kwamba ile ilikuwa vita ya wageni wawili kugombania ardhi ambayo wenyewe walikuwepo. Lakini huko ndiko kijana huyu alikoona jambo lililobadili maisha yake. Makaburu walikuwa wachache, ila walijua kujificha. Mahandaki yao yalifanana na ardhi kiasi kwamba askari wa Kiingereza aliona kilima kitupu, kumbe kimejaa bunduki. Akarudi kwao na somo kichwani: kazi ya mkono wa mtu inaweza kufanana na kazi ya maumbile, na macho yanaweza kudanganywa.

Akaendelea na udaktari mjini Leeds, lakini moyo ulikuwa kwenye gofu. Mwaka 1907 alikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu ya Alwoodley, na uwanja wake akauchora yeye. Cha ajabu ni kwamba hakuwa mchezaji hodari. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mchezaji wa kawaida tu, na nadhani hilo lilimsaidia. Alijua uchungu wa mtu anayejitahidi halafu uwanja unamcheka.

Enzi hizo wachoraji wengi wa viwanja waliamini kwamba kila kosa lazima liadhibiwe. Walichimba bunka, yaani shimo la mchanga la kunasa mpira, likakatiza uwanja kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiweza kulirusha, umepita. Usipoweza, umekwisha, hakuna kona ya kukwepea. Matokeo yake hodari hakupata cha kufikiria, kwa kuwa njia ilikuwa moja, na dhaifu hakupata cha kufurahia, kwa kuwa njia hiyo moja hakuiweza.

MacKenzie, pamoja na wenzake kama Harry Colt, alishika msimamo tofauti. Mtego usizibe njia, bali uulize swali. Uweke upande mmoja, karibu kabisa na mstari ulio mfupi na mzuri kuliko yote. Anayejiamini apige karibu na mtego, na akifaulu pigo lake la pili liwe rahisi. Asiyejiamini apige upande ulio wazi, atafika tu, ila kwa pigo moja zaidi. Yaani kila mmoja anachagua mwenyewe, na kila uchaguzi una bei yake. Alitaka pia mashimo yasifanane, ili mwenye nguvu asishinde kila mahali kwa nguvu peke yake. Na yale aliyoyaona Afrika Kusini akayatumia: bunka zake zilikuwa na kingo zisizonyooka, kama mmomonyoko wa mvua, usijue mtu amepita hapo.

Mwaka 1914 gazeti la Country Life liliendesha shindano la kuchora shimo bora la gofu kwa ajili ya klabu ya Lido, iliyokuwa ikijengwa karibu na New York. MacKenzie akashinda. Mchoro wake ulikuwa na njia kadhaa za kulifikia shimo moja, kila njia kwa mchezaji wa kiwango chake. Mara vita kuu ikaanza, na safari hii jeshi lilimtumia zaidi kwa utaalamu wake wa kuficha mahandaki kuliko kwa udaktari. Baada ya vita akaachana na sindano moja kwa moja. Mwaka 1920 akatoa kitabu kidogo kilichoorodhesha kanuni 13 za uwanja mzuri. Aliamini hata hapo bado anatibu watu, kwa sababu mtu anayetembea nje na kucheza kwa furaha haendi hospitali ovyo.

Mwaka 1926 alikwenda Australia na kuacha michoro ya uwanja wa magharibi wa Royal Melbourne, ambao wenyeji waliujenga baada ya yeye kuondoka. Halafu akahamia Marekani, na mwaka 1928 ukafunguliwa uwanja wa Cypress Point, California, ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Shimo lake la 16 ndilo linalozungumzwa mpaka leo. Unasimama kwenye mwamba, na bendera iko ng'ambo, takriban mita 200, katikati ni maji matupu.

Sisi wa Kemondo tunalielewa shimo hilo bila kufundishwa. Ukitaka kwenda Mwanza, unaweza kupanda meli pale bandarini ukakata ziwa moja kwa moja, au ukapanda basi ukazunguka na Muleba, Chato na Geita. Ziwa lina njia fupi na lina hatari zake, na tangu MV Bukoba izame Mei 1996 hakuna wa kutuambia vingine. Barabara inazunguka, ila miguu iko juu ya nchi kavu. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa alichochagua. MacKenzie naye, upande wa kushoto wa shimo lile la 16, aliacha nchi kavu ya kutosha kwa asiyetaka kuvuka maji kwa pigo moja.

Bobby Jones, bingwa mkubwa wa wakati huo, aliupenda uwanja ule, na alipotaka kujenga wake Augusta, katika jimbo la Georgia, akamwita MacKenzie. Bunka zikawa chache kuliko ilivyozoeleka, ila machaguo yakawa mengi. Kwenye shimo la 13 kijito kinapita mbele ya bendera: uvuke kwa pigo la pili, au usimame nyuma yake na kuvuka kwa la tatu. Mashindano makubwa yameamuliwa pale.

Yeye hakuyaona. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kazi zikakauka, na Augusta wenyewe hawakuweza kumlipa fedha yake yote. Alifariki Januari 1934 California, akiwa bado anadai, miezi miwili tu kabla ya mashindano ya kwanza ya Masters. Kitabu chake cha pili kilipotea kwenye makaratasi ya familia na kuchapishwa mwaka 1995, miaka 61 baada ya kifo chake.

Sasa tuje kwetu. Muda si mrefu tutapelekwa mazoezi ya kufundisha, darasa moja lina wanafunzi 80 na zaidi, yupo anayesoma vizuri na yupo anayehangaika na silabi. Tukitunga mtihani kama bunka la zamani, swali lenye mlango mmoja, waliokariri watapita bila kufikiri na waliobaki watakaa chini wakiamini wao ni wajinga. Tunayajua hayo, maana wengi wetu tumeyapitia hadi kwenye sapu.

Swali zuri linaweza kuwa na njia ya kuanzia kwa kila mtoto na njia ngumu kwa anayethubutu, yenye alama zake za ziada. Kulitunga hivyo si kulegeza, kwa kuwa viwanja vya MacKenzie vinawatoa jasho mabingwa hadi leo. Ni kazi kubwa zaidi kwa mwalimu, kwani inabidi kwanza uwatazame wanafunzi wako kama yeye alivyoitazama ardhi kabla ya kugusa jembe.