Lily Parr

Lilian "Lily" Parr (26 Aprili 1905 – 24 Mei 1978) alikuwa mwanasoka wa Uingereza aliyecheza winga ya kushoto katika timu ya Dick, Kerr Ladies ya mji wa Preston, kuanzia mwaka 1920 hadi 1951. Alicheza dhidi ya Ufaransa, akasafiri hadi Marekani, na inakadiriwa kwamba alifunga mamia ya mabao. Hata hivyo jina lake halimo katika orodha rasmi ya wachezaji wa timu ya taifa, kwa sababu karibu maisha yake yote ya uchezaji yalipita wakati chama cha soka cha nchi yake kikiwazuia wanawake kutumia viwanja vya wanachama wake.

Utoto

Parr alizaliwa Gerards Bridge, mtaa wa mji wa St Helens katika Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo, kazi iliyolisha familia nyingi za mji huo pamoja na migodi ya makaa ya mawe.

St Helens ni mji wa raga kuliko mpira wa miguu, ile raga ya wachezaji 13 kila upande. Lily alicheza michezo yote miwili na kaka zake katika viwanja vya wazi vya mtaani. Siku hizo hapakuwa na timu ya raga ya wasichana ambayo ingeweza kumpa maisha, ingawa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake wa Cardiff na Newport, huko Wales, walicheza mechi ya raga mwaka 1917. Soka ndilo lililomfungulia mlango. Si vigumu kuona raga katika uchezaji wake wa baadaye: hakuogopa kugongana na mtu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu isiyo ya kawaida.

Dick, Kerr Ladies

Dick, Kerr & Co. ilikuwa kampuni ya Preston iliyotengeneza vifaa vya tramu na reli. Vita vilipoanza kiwanda kilianza kutengeneza silaha, na wanawake wakashika nafasi za wanaume waliokwenda jeshini. Wakati wa mapumziko walipiga mpira uani. Siku ya Krismasi 1917 timu yao ilicheza katika uwanja wa Deepdale mbele ya watu 10,000, ili kuchangia hospitali ya askari waliojeruhiwa. Kuanzia hapo mechi za hisani zikawa desturi. Meneja wao alikuwa Alfred Frankland, mtu aliyejua kutafuta vipaji na kujaza viwanja.

Parr alianza katika timu ya wanawake ya St Helens akiwa na miaka 14. Timu hiyo ilipokutana na Dick, Kerr, Frankland alimwona na kumwita Preston. Alipewa kazi, akapata makazi katika familia ya mchezaji mwenzake, Alice Norris, na kulipwa shilingi 10 kwa kila mechi kufidia muda wa kazi uliopotea. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo ni nusu pauni, na kwa msichana wa kibarua hizo hazikuwa fedha za kudharau. Sigara zake za Woodbine zilijulikana na wote waliocheza naye.

Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe. Parr aliweza kuupiga kutoka pembeni ukafika upande wa pili wa uwanja, au kuusukumia wavuni kutoka mbali. Kuna simulizi maarufu kwamba kipa mmoja wa kiume alimchokoza apige shuti, naye alipopiga, mkono wa kipa ukavunjika. Simulizi hiyo imeongezwa chumvi na wengi, lakini inaonyesha jinsi mkwaju wake ulivyotisha.

Mwaka 1920 timu ya wanawake wa Ufaransa, iliyoongozwa na Alice Milliat, ilizuru Uingereza, na baadaye mwaka huohuo Dick, Kerr wakaenda Ufaransa. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, Dick, Kerr waliifunga St Helens, timu ya zamani ya Parr, mabao 4 kwa 0. Watazamaji walikuwa 53,000, na maelfu wengine walibaki nje ya mageti. Zilikusanywa pauni zaidi ya 3,000 kwa ajili ya hisani. Mwaka 1921 timu ilicheza mechi zipatazo 67, huku wachezaji wengi wakiendelea na kazi zao za kiwandani.

Marufuku

Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Soka cha Uingereza (FA) kilitoa azimio la kuzitaka klabu wanachama zisiwape wanawake viwanja vyao. Chama hakikuwa na uwezo wa kumkataza mwanamke kupiga mpira, lakini viwanja vyote vikubwa, na waamuzi pia, vilikuwa mikononi mwake.

Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, na kwamba sehemu kubwa mno ya viingilio ilikwenda kwenye gharama badala ya hisani. Sababu ya pili, hata kama ingekuwa kweli, ilihitaji mkaguzi wa hesabu tu. Wapo wanahistoria wanaoongeza ya tatu: mwaka huo wanawake walicheza mechi za kuchangia familia za wachimba makaa waliofungiwa migodi na waajiri wao, jambo ambalo wakubwa hawakulipenda. Tena, umati wa Goodison Park ulikuwa umeonyesha kwamba wanawake wangeweza kuwa washindani wa ligi ya wanaume. Marufuku ilidumu karibu miaka 50.

Parr alikuwa na miaka 16. Timu nyingi zilikufa, lakini yake iliendelea katika viwanja vya raga, viwanja vya wazi na popote palipopatikana.

Septemba 1922 timu ilivuka bahari kwenda Kanada, ikakuta chama cha huko nacho kimewakataza kucheza. Wakaingia Marekani, na huko wakakuta wapinzani waliopangiwa ni timu za wanaume. Walicheza mechi tisa. Walifungwa baadhi, lakini walishinda na kutoka sare nyingine, na magazeti ya Marekani yalimsifu sana Parr.

Uuguzi na miaka ya mwisho

Frankland alipotofautiana na wenye kiwanda mwaka 1926, timu ilibadilishwa jina kuwa Preston Ladies. Parr alijifunza uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Whittingham, karibu na Preston. Aliendelea kucheza nje ya saa za kazi. Mwaka 1937 timu iliifunga Edinburgh 5 kwa 1 katika mechi iliyotangazwa kuwa ya ubingwa, na mwaka 1946 Parr akawa nahodha. Aliacha kucheza mwaka 1951, akiwa na miaka 46. Hesabu ya mabao yake hutajwa kuwa zaidi ya 900, lakini mechi nyingi hazikuwekewa kumbukumbu kamili.

Hakuolewa. Mwaka 1967 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Aliishi kuona marufuku ikiondolewa na timu rasmi ya wanawake ya Uingereza ikicheza mechi yake ya kwanza, dhidi ya Uskoti, Novemba 1972. Orodha rasmi ya wachezaji wa taifa inaanzia na mechi hiyo. Parr alifariki nyumbani kwake Goosnargh, akazikwa St Helens.

Mwaka 2002 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Soka la Uingereza. Sanamu yake, ya kwanza ya mwanasoka wa kike nchini humo, ilizinduliwa mwaka 2019 katika Makumbusho ya Taifa ya Soka mjini Manchester.