Denis Burkitt: Mpasuaji Aliyeichora Ramani ya Saratani ya Watoto

Bonde la Lambwe limo baina ya vilima vya Gwasi na Gembe, mashariki ya Ziwa Viktoria, katika eneo la Homa Bay linalopakana na Migori. Kwa miongo mingi jina la bonde hilo lilitajwa sambamba na mbung'o na malale. Mbung'o ndio waliowazuia watu kulima sehemu kubwa ya ardhi hiyo, ikabaki makao ya korongo na wanyama wengine wanaohifadhiwa katika Mbuga ya Taifa ya Ruma. Hata hivyo, bonde hilo limo pia ndani ya ukanda mwingine wa maradhi, usiojulikana sana na wengi: ukanda wa saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt. Anayeondoka ufuoni mwa ziwa, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,134, akapanda kuelekea nyanda za juu za Kisii, huvuka mpaka ambao juu yake ugonjwa huo huadimika. Mpaka huo hauna jiwe wala bango. Uligunduliwa na tabibu mpasuaji mwenye jicho moja, aliyezunguka akiuliza maswali.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ayalandi. Babake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, ila wanaomkumbuka zaidi ni wataalamu wa ndege. Katika miaka ya 1920 mzee huyo aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wa bustanini mwake, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja anamiliki sehemu gani. Yamkini mwana alirithi hapo mazoea ya kutaka kujua kwanza kitu kiko wapi, kabla ya kuuliza ni kitu gani. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake, akapoteza jicho la kulia.

Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama babake, lakini imani yake ya Kikristo ilimwelekeza kwenye udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akapata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya utabibu Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na mwaka 1946 Idara ya Makoloni ikamkubali kwa utumishi wa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alikumbana na wanaume wengi wenye mabusha. Wapasuaji wengi wangefanya operesheni na kumwita mgonjwa anayefuata. Burkitt alimuuliza kila mmoja alikotoka, akabaini kwamba mabusha yalikuwa mengi mashariki ya wilaya na machache magharibi. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1951. Utafiti huo haukumpa sifa kubwa, lakini ulimfunza mbinu aliyoitumia maisha yake yote.

Mnamo mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona jambo la namna hiyo. Jipu halitokei pande nne kwa pamoja, na saratani alizozijua hazikuwa na tabia hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike ameketi nyasini na mamake, uso umevimba vilevile. Alitoka nje kumpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Tukio moja lingeweza kupuuzwa, lakini la pili lilimfanya arudi kwenye kumbukumbu za hospitali. Huko alipata watoto wengine wenye uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari, ambao kila mmoja alikuwa ameandikiwa ugonjwa tofauti. Burkitt aliona kwamba huenda ulikuwa ugonjwa mmoja.

Makala yake ya mwaka 1958 haikushtua wengi. Wanapatholojia waliokuwa Kampala, wakiwemo Jack Davies na Greg O'Conor, ndio waliothibitisha kwamba uvimbe huo ulitokana na chembechembe za limfu. Haki inadai isemwe pia kwamba Burkitt hakuwa mtu wa kwanza kuuona. Albert Cook, tabibu mmisionari wa Mengo, alikuwa ameandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya miongo kadhaa kabla yake. Wazazi wa kandokando ya ziwa nao waliujua kwa namna ya kusikitisha zaidi, kwa kuwazika watoto wao. Jina la ugonjwa lilimwendea aliyeuchorea ramani.

Ramani yenyewe ilianza kwa msaada mdogo. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma katika hospitali za Afrika akiuliza kama ugonjwa huo ulionekana huko. Majibu yalionyesha ukanda mpana katikati ya bara, wenye mkia ulioteremka pwani ya mashariki. Alitaka kujua ukingo wa ukanda huo, na kuuliza si ujinga. Alinunua gari kuukuu aina ya Ford, na tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na matabibu wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakapita katika hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali walionyesha picha, wakauliza, wakaandika, kisha wakaendelea na safari. Gharama yote haikufika pauni 700.

Waliporudi, ukingo ulionekana. Karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa nadra juu ya futi 5,000, yaani mita zipatazo 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kikomo hicho kilivyoshuka. Mara ya kwanza ilidhaniwa kuwa sababu ni mwinuko. Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi mjini Entebbe, alisaidia kuonyesha kwamba mwinuko ulificha mambo mengine mawili, joto na mvua. Penye baridi au ukame mwingi, uvimbe haukuwepo. Bila shaka kitu kinachohitaji joto na maji ni mdudu, na Burkitt akakisia kwamba mbu hueneza virusi vya saratani hiyo.

Kisio hilo lilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lina mafunzo. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Michael Epstein, mtafiti wa virusi, aliyeomba kutumiwa vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi vipya katika seli hizo kwa darubini ya elektroni. Hivyo ni virusi vya kwanza vya binadamu kuhusishwa na saratani. Lakini virusi vya Epstein-Barr havibebwi na mbu. Huambukizwa kwa mate, navyo vimo katika miili ya watu wengi sana duniani ambao hawaugui saratani kamwe. Ramani ya Burkitt, basi, haikuwa ya virusi. Ilikuwa ya malaria.

Ushahidi ulikusanywa pole pole. Katika West Nile nchini Uganda, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu kuanzia mwaka 1972, na matokeo ya mwaka 1978 yakaonyesha kwamba waliougua baadaye walikuwa na kingamwili nyingi za virusi hivyo kabla ya uvimbe kutokea. Kusini tu ya Migori, ng'ambo ya mpaka, watoto wa Mara Kaskazini nchini Tanzania walipewa klorokwini tangu mwaka 1977 hadi 1982. Saratani hiyo ilipungua wakati wa mradi na kuongezeka baadaye. Hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kutolewa, watafiti hawakuthubutu kulifunga suala hilo.

Baiolojia ya molekuli ndiyo iliyoingia ndani ya seli ambako gari la Ford lisingeweza kufika. Mwaka 1982 ilidhihirika kwamba katika saratani hii kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni iitwayo MYC, huhamia karibu na jeni za kingamwili, aghalabu katika kromosomu ya 14. Hapo jeni hiyo ya ukuaji huamrishwa bila kikomo. Malaria huzichochea mno seli za kinga na vimeng'enya vinavyokata DNA yao, hivyo huongeza nafasi ya kosa hilo kutokea. Nayo elimu ya epijenetiki, inayochunguza alama za kikemikali zinazofungua au kufunga jeni bila kubadilisha herufi zake, ilieleza jinsi virusi vinavyojificha. Katika seli za limfoma ya Burkitt, karibu jeni zote za virusi zenye kutengeneza protini hufungwa kwa alama za methili. Askari wa mwili hupita kando ya seli hiyo bila kumtambua adui. Katika maabara, dawa zinazoondoa alama hizo huziamsha jeni zilizolala.

Burkitt mwenyewe hakuwa mtu wa molekuli. Kwake swali la dharura lilikuwa mtoto aliye kitandani. Kukata taya kuliharibu sura bila kuokoa maisha, na mashine za tiba ya mionzi hazikuwepo Kampala. Alijaribu dawa zilizoletwa na watafiti wa Marekani, kisha siklofosfamaidi na vinkristini. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili waliishi hadi utu uzima. Wakati huo wengi waliamini kwamba saratani haiponi kwa dawa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, na hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Katika nchi tajiri hupona takriban watoto 9 kati ya 10, ilhali katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hupona nusu au pungufu. Dalili ya awali mara nyingi ni jino linalolegea. Kwa mzazi wa Lambwe hilo ni jino tu, na kutoka bondeni hadi hospitali yenye dawa hizo ni nauli na siku za kazi zilizopotea.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaishi Uingereza, ambako alipata umaarufu wa pili kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi. Aliwaonea fahari wakulima wa Afrika, ambao hawakuugua sana saratani ya utumbo, ingawa wakosoaji walisema alikimbia mbele ya ushahidi. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na umri wa miaka 82, akaacha mjane na mabinti watatu.