TAFAKARI YA RAMADHANI: Jumba limeungua, maji yakabaki



Leo tumtazame Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Ujanani alijaribu kumpindua kaka yake Majid, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay, kule India. Baadaye alirudi, na Majid alipofariki mwaka 1870 akashika yeye ufalme. Hata hajatulia, mwaka 1872 kimbunga kikavunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mali ya miaka mingi ikaondoka kwa siku moja!

Mambo yakatengemaa, fedha zikaingia tena. Ulikuwa ushuru wa karafuu, na wa pembe za ndovu zilizopita huku kwetu Ujiji, zikaenda Tabora mpaka Bagamoyo. Tusifiche ukweli: kabla ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, hata ushuru wa watu waliouzwa uliingia hazina ile ile.

Sasa, alizitumiaje? Alijenga majumba. La Maruhubi lilikuwa la masuria wake, lenye marumaru na mabwawa ya kuogea. Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, jumba la fahari kubwa. Lakini pia alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem hadi mjini, mahali ambapo kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua watu wengi sana.

Akafariki mwaka 1888. Maruhubi iliungua mwaka 1899, leo yamebaki magofu tu. Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Maji yale yaliendelea kunywesha mji miaka mingi baada yake. Mfuko ni mmoja, mtu ni mmoja. Hesabu yake iko kwa Mola wake, sisi tuangalie yetu.

Maana jamani, ubadhirifu si wa wafalme peke yao. Hapa Kagerankanda mtu anauza mahindi na maharage yote shambani kwa bei ya kutupa, hela inaisha kwa mbwembwe, halafu ukifika msimu wa kulima anakopa debe la mahindi yale yale aliyouza. Watoto wanalala na uji. Futari nayo tunapika ya kushindana, inamwagwa, na jirani amefungua kwa maji matupu. Na usiku huu mtukufu tunaumaliza kwenye simu! Qur'ani imewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Si jambo dogo hilo.

Kazi ya leo: kabla ya magharibi, chukua shilingi moja uliyotaka kuitumia na saa moja uliyotaka kuipoteza. Jiulize, nikifa hii itabaki jumba au itabaki maji?

Allah atujaalie tutoe kwa kiasi, atukubalie funga zetu. Amin.