Yoshimune: Shogun aliyewatafutia makabwela pa kutazamia maua

MWANZONI mwa karne ya 18, wakazi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, walikuwa na adha moja iliyowarudia kila mwaka baridi ilipokwisha. Micheri, au sakura kama Wajapani wauitavyo mti huo, ilichanua kwa siku chache tu kabla ya upepo na mvua kuyapukutisha maua yake, na takriban kila mtu alitaka kuyatazama mahali pamoja: kilima cha Ueno.

Ueno palikuwa pazuri lakini hapakuwa na raha. Hapo ndipo lilipokuwa hekalu la Kan'ei-ji, lililoanzishwa mwaka wa 1625, na ndani ya viwanja vyake walizikwa baadhi ya watawala wa ukoo wa Tokugawa. Ngoma na zeze hazikuruhusiwa. Jioni ilipoingia watu waliondolewa na milango ikafungwa. Kabwela aliyefika na familia yake na chupa ya pombe ya mchele alisukumana na umati mchana kutwa, kisha akafukuzwa kabla mwezi haujachomoza.

Aliyeliondoa tatizo hilo ni Tokugawa Yoshimune, shogun wa 8 wa ukoo huo, yaani amirijeshi mkuu aliyeishika nchi kwa niaba ya mfalme.

Yoshimune alizaliwa mwaka wa 1684 katika jimbo la Kii, kusini magharibi mwa Edo. Alikuwa mwana mdogo wa mtawala wa jimbo hilo, na mama yake hakutoka katika jamaa kubwa, hivyo hakuna aliyemtarajia kurithi chochote cha maana. Lakini mwaka wa 1705 kifo kilibisha hodi mara tatu: babake na kaka zake wawili wakafariki katika muda wa miezi michache, naye akakabidhiwa Kii. Mnamo 1716, shogun mtoto Ietsugu alipoaga dunia bila mrithi, Yoshimune aliitwa Edo kushika usukani.

Alikuta hazina imekauka. Akabana matumizi, akapiga vita anasa, na husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alivaa pamba badala ya hariri. Mwaka wa 1721 aliweka sanduku ambamo raia wa kawaida waliweza kutumbukiza malalamiko yao. Barua moja ya daktari ilizaa hospitali ya maskini ya Koishikawa mwaka uliofuata. Ndiye pia aliyehimiza kilimo cha viazi vitamu kuwa kinga dhidi ya njaa, zao ambalo msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa faida zake.

Ni mtawala huyu bahili aliyepanda maua. Mnamo 1717 micheri ilipandwa kwenye kingo za mto Sumida, mashariki mwa mji. Kisha, mwaka wa 1720 na 1721, zaidi ya miche 1,000 ilipelekwa Asukayama, kilima kilichokuwa kaskazini, yapata kilomita 8 kutoka daraja la Nihonbashi. Gotenyama, karibu na bahari ya Shinagawa, nako kukapata miti yake. Maeneo yote hayo yalikuwa pembezoni mwa mji, mbali na msongamano.

Asukayama ndiko alikokupenda zaidi. Jina lenyewe lilitokana na mungu aliyeabudiwa katika jimbo alikozaliwa, na mashamba ya jirani yalikuwa mawindo yake ya kipanga. Miti ilipokomaa, mwaka wa 1737, alikitwaa kilima hicho kutoka kwa mmoja wa watumishi wake waliokimiliki na kukikabidhi kwa hekalu la jirani, kisha akaandaa karamu papo hapo ili watu wajue kwamba pamefunguliwa. Tofauti na Ueno, hapa mtu aliruhusiwa kunywa, kuimba na kucheza. Vibanda vya chai vikaota, na wanavijiji wakapata riziki.

Je, ulikuwa ukarimu au ujanja wa kisiasa? Huenda yote mawili. Wakulima hao hao walikuwa wakikamuliwa: chini ya utawala wake, sehemu ya mavuno iliyochukuliwa kama kodi ilipanda kutoka takriban 4 kati ya 10 hadi 5. Mwaka wa 1732 wadudu waliangamiza mpunga magharibi mwa Japani na njaa ikaua watu wengi. Mwaka uliofuata, bei ya mchele ilipopaa, wakazi wa Edo walivunja ghala la mfanyabiashara mkubwa. Maua hayakumshibisha yeyote, ila mtawala aliyeona hasira hiyo alikuwa na kila sababu ya kuwapa watu mahali pa kupumua.

Yoshimune alimwachia mwanawe madaraka mwaka wa 1745 na kufariki 1751. Serikali mpya ilipotenga bustani za kwanza za umma mnamo 1873, Asukayama ilikuwa miongoni mwazo, na jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa mwaka wa 1737 lingali pale, maandishi yake magumu yakiwashinda wengi kuyasoma. Ueno pia ilitengwa mwaka huo huo, na hadi leo umati hufurika huko kila maua yanapochanua. Kando ya umati huo, katika makaburi ya Kan'ei-ji, ndiko alikozikwa Yoshimune.