Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Zaburi 40:1–3, Marko 5:18–20, 2 Wakorintho 1:3–7, Wagalatia 6:1, 2.

Yule mtu aliyeishi makaburini, alipokwisha kuponywa, aliomba afuatane na Yesu. Hakuruhusiwa. Alirudishwa kwao, kwa watu waliomjua katika hali yake ya kwanza. Kwa nini Bwana alifanya hivyo? Maisha ya mtu mmoja wa karne iliyopita yanatusaidia kulielewa jambo hili.

William Griffith Wilson, aliyejulikana na wengi kwa jina la Bill tu, alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, Marekani. Wazazi wake walitengana angali mtoto, naye akalelewa na babu na bibi upande wa mama. Pombe aliionja akiwa ofisa kijana jeshini, mwaka 1917. Kinywaji kile kilimwondolea haya mbele za watu, akadhani amepata rafiki. Mwaka 1918 alimwoa Lois Burnham, kisha akaenda vitani Ufaransa.

Baada ya vita alifanya kazi katika soko la hisa la New York. Fedha ziliongezeka na ulevi ukaongezeka. Soko lilipoanguka mwaka 1929, fedha zilikwenda lakini ulevi ulibaki. Yeye na mkewe walihamia katika nyumba ya wazazi wa Lois huko Brooklyn, na Lois akawa ndiye anayetafuta riziki. Bill aliandika ahadi za kuacha pombe ndani ya Biblia ya familia, akazivunja moja baada ya nyingine. Alilazwa zaidi ya mara moja katika hospitali ya Towns. Huko daktari William Silkworth alimweleza kwamba ulevi wa namna yake ni ugonjwa unaoushika mwili na akili, wala si ukosefu wa aibu tu.

Mwezi Novemba 1934 alitembelewa na Ebby Thacher, rafiki wa ujana aliyekuwa mlevi kama yeye. Bill alimkaribisha kwa kileo, Ebby akakataa. Hakumhukumu mwenyeji wake. Alimsimulia tu jinsi alivyomkabidhi Mungu maisha yake. Maneno yale yalimkaa Bill moyoni kwa sababu yalitoka kwa mtu aliyemjua vizuri. Tarehe 11 Desemba alirudi hospitalini. Akiwa kitandani, amekata tamaa kabisa, alimlilia Mungu. Baadaye alieleza kwamba chumba kilionekana kujaa nuru na moyo wake ukatulia. Hakunywa tena hadi kufa kwake.

Alipotoka aliwaendea walevi wa New York kwa bidii kubwa. Miezi ikapita na hakuna hata mmoja aliyeacha. Alipolalamika, Lois alimwonyesha jambo ambalo yeye hakuliona: katika miezi ile yote, yeye mwenyewe hakuwa amelewa. Naye daktari Silkworth akamshauri apunguze kuwahubiria, aanze kwa kuwaeleza ugonjwa wenyewe na jinsi ulivyomtesa.

Mwezi Mei 1935 alikwenda Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara, na shughuli ikaharibika. Jumamosi alijikuta peke yake katika hoteli ya Mayflower, mfukoni hana kitu cha maana. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, na kelele za wanywaji zilimfikia. Hapo alitambua kwamba asipompata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, yeye ndiye atakayeanguka. Akaiendea simu. Alianza na mchungaji mmoja ambaye hakumjua, na kwa njia hiyo akafika kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwombea daktari mpasuaji wa mji ule aliyefungwa na pombe.

Daktari huyo, Robert Smith, alikuja kesho yake jioni. Alikusudia kukaa robo saa tu, maana mahubiri juu ya ulevi alikwisha kuyasikia ya kutosha. Akakaa saa nyingi hadi usiku. Safari hii mgeni alikuja na shida yake mwenyewe: alihitaji msaada wa daktari kama vile daktari alivyohitaji wake. Baada ya kuanguka mara moja zaidi, daktari Smith aliacha kabisa tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiojitangaza majina. Mara wawili hao wakaenda hospitalini kumtafuta wa tatu.

Mwaka 1939 walichapisha kitabu chenye hatua 12. Hatua hizo zinamwongoza mtu kukiri kwamba ameshindwa, kumtegemea Mungu, kuungama, na kuwatengenezea mambo aliowakosea. Ya mwisho inamtuma kwa wenzake ambao bado wanateseka. Daktari Smith aliwahudumia walevi kwa maelfu bila malipo hadi alipofariki mwaka 1950.

Bill hakuwa mtu mkamilifu. Alisumbuliwa na huzuni nzito kwa miaka mingi, na tumbaku aliyoivuta muda mrefu iliharibu mapafu yake. Ebby, aliyemletea habari njema, alirudi kwenye pombe mara kadhaa, na Bill hakuacha kumsaidia. Mwaka 1954 Bill alikataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale, asije akajitukuza kwa kazi iliyokuwa ya wengi. Alifariki tarehe 24 Januari 1971.

Njia hiyo imefika kwetu. Zanzibar zipo nyumba za upataji nafuu ambamo watu waliokuwa wakitumia heroini wanawashika mkono wanaoacha sasa, kwa kufuata hatua hizo hizo 12. Nayo hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu mwaka 2011. Kimoja hakiondoi kingine. Mlevi wa siku nyingi anayeacha ghafla aweza kupatwa na degedege, kwa hiyo apelekwe kituo cha afya, na ndugu wa kumfariji afuatane naye.

Wanaosafiri kwa mashua kutoka Nyamisati wanajua kwamba mikondo ya delta ya Rufiji ina mafungu yasiyoonekana maji yakijaa. Nahodha aliyewahi kukwama hapo ndiye anayekumbuka mahali pa kupinda. Katika vikundi vyetu, kuanzia Kibiti mjini hadi visiwani, wamo waliokombolewa kutoka katika tembo la mnazi, gongo, bangi au unga. Mara nyingi tunawaomba ushuhuda siku ya ubatizo, kisha tunataka yaliyopita yasitajwe tena. Kwa kufanya hivyo tunamnyima jirani mtu pekee ambaye angemsikiliza, na tunamwacha ndugu yetu bila kazi inayomlinda. Paulo anafundisha kwamba faraja tunayopokea katika dhiki imekusudiwa kuwafikia wengine. Pia anaonya kwamba anayemrejeza aliyeanguka ajiangalie nafsi yake. Basi ndugu huyu asiende peke yake. Waende wawili, na kikundi kiwaombee.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini daktari Smith alimsikiliza Bill, hali alikwisha kuwakataa wengine?

2. Soma tena Marko 5:18–20. Mtu yule angeweza kufanya nini nyumbani kwake ambacho wanafunzi kumi na wawili wasingeweza?

3. Ndugu aliyeacha pombe akianguka tena, kikundi chako humtendea nini katika juma la kwanza? Linganisha na Wagalatia 6:1, 2.

4. Je, yupo mtu katika mtaa wenu anayemhitaji mmoja wa kundi lenu juma hili? Nani atakwenda, na nani atafuatana naye?