Bibi Kizee wa Bungale

Mimi si adui wa michezo ya kuigiza katika televisheni. Hapa Magarini, baada ya sala ya isha, mchezo husema mambo ambayo barazani hatuyasemi: msichana aliyeharibiwa na mtu wa nyumbani, mke anayepigwa, mjane anayenyang'anywa shamba. Lakini liko jambo linalonikera. Akitakiwa mchawi, huletwa bibi kizee mwenye macho mekundu, na watazamaji hushangilia anapofukuzwa kwa mawe. Hapo ndipo ninapomkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyezikwa Bungale, katika Magarini hii hii.

Alizaliwa karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Ganze, akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili alilipata kwa mwanawe, Katilili. Kufika mwaka 1913 alikuwa mjane mtu mzima sana, na ujane huo ulimfaa, kwani hakuwa na mume wa kumkataza kusimama mbele ya wanaume.

Waingereza walidai kodi ya vibanda, tena walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mashambani pwani. Yafaa tuseme kweli: utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, mashamba hayo yalikosa mikono, na mengine yalikuwa ya wazee wetu sisi. Juu ya hayo, serikali ilitaka kuwahamisha watu walioko kaskazini ya mto Sabaki, yaani ardhi hii tunayoilima.

Bibi huyu hakuwa na bunduki. Alikuwa na kifudu, ngoma ya wanawake ya matanga. Akaicheza kijiji hata kijiji, watu wakamfuata, na ngoma ilipotua akasema nao juu ya dhuluma waliyokuwa wakitendewa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mchezo hasa, nao haukuhitaji seti wala umeme. Huko Kaya Fungo watu wakala kiapo, wanawake chao na wanaume chao, kwamba hawatawatumikia Wazungu.

Kisa cha kuku na kofi alilompiga afisa Champion kila mtoto wa shule anakijua, na michezo mingi niliyoiona hukomea hapo. Mimi naona makuu yalikuja baadaye. Mwezi wa Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi ya Kenya. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu! Kikongwe huyo alivuka nchi nzima, porini, usiku na mchana.

Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, naye akakamatwa tena. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Aliachiliwa mwaka 1919, akafariki katika miaka ya 1920.

Wakoloni walimwita mchawi. Leo ana sanamu mjini Malindi, na kila mwaka hufanyiwa sherehe. Lakini katika kaunti hii hii ya Kilifi, wazee wenye mvi kama zake wameuawa kwa neno lilo hilo. Huko Kaya Godoma, Ganze, imejengwa kambi ya kuwahifadhi vikongwe waliokimbia nyumba zao, na mara nyingi waliowasingizia ni jamaa zao wenyewe, waliokuwa wakililia shamba.