Bert Bell: Mmiliki wa timu ya mkiani aliyebadili usajili wa Marekani

JUMAPILI ya Oktoba 11, 1959, zikiwa zimesalia dakika chache mchezo kumalizika katika Uwanja wa Franklin Field jijini Philadelphia, mzee mmoja mnene aliyeketi miongoni mwa watazamaji wa kawaida alianguka ghafla. Moyo ulikuwa umesimama. Uwanjani zilikuwa zikipambana Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers. Timu ya kwanza aliianzisha yeye mwenyewe, na ya pili aliwahi kuimiliki kwa ubia na rafiki yake.

Mzee huyo alikuwa Bert Bell, kamishna wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Alikuwa na umri wa miaka 64. Aliiacha ligi hiyo na utaratibu wa usajili ambao hadi leo umebaki kuwa nguzo yake, na vilevile aliiacha na ugomvi ambao mahakama zilichukua zaidi ya miaka 30 kuumaliza.

Kwa mpenzi wa soka wa Afrika Mashariki, usajili ni vita ya dau. Klabu yenye mfuko mnono huchagua kwanza, na nyingine huokota waliobaki. Bell aligeuza mambo juu chini. Katika utaratibu alioubuni, timu iliyoburuza mkia ndiyo huchagua ya kwanza, na bingwa husubiri hadi wenzake wote wamalize. Wamarekani huuita drafti, na haina uhusiano wowote na ile drafti ya kete inayochezwa vijiweni.

Ajabu ni kwamba aliyebuni kanuni hiyo ya kuwabeba wanyonge alizaliwa katika neema tupu. Jina lake kamili lilikuwa De Benneville Bell, naye alizaliwa Philadelphia Februari 25, 1895. Baba yake, John Cromwell Bell, alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania. Kaka yake alikuja kuwa gavana wa jimbo hilo kwa siku 19 mwaka 1947, kisha jaji mkuu wake. Bert hakuwa na haja na sheria wala siasa. Alichokitaka ni mpira.

Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alicheza nafasi ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, na Januari 1, 1917 alikuwemo katika kikosi kilichofungwa 14-0 na Oregon katika mchezo maarufu wa Rose Bowl. Vita Kuu ya Kwanza ikampeleka Ufaransa akiwa na kikosi cha hospitali ya jeshi. Aliporejea aliondoka chuoni bila shahada. Akawa kocha msaidizi hapo hapo chuoni, huku akifanya kazi katika hoteli ya Ritz-Carlton iliyokuwa chini ya baba yake, na usiku akila raha pamoja na wacheza kamari na wapenzi wa mbio za farasi. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929 alipoteza fedha nyingi, na baba yake ndiye aliyemlipia madeni.

Aliyemtoa katika maisha hayo alikuwa mwanamke. Frances Upton, mwigizaji aliyekuwa na jina katika majukwaa ya New York, alikubali kuolewa naye kwa sharti kwamba aache pombe. Bell aliacha, nao wakaoana Januari 1934. Kabla ya ndoa hiyo tayari Frances alikuwa amemkopesha fedha za kutimiza ndoto yake: mwaka 1933 Bell na wenzake, akiwemo Lud Wray, walinunua haki ya kuendesha timu ya NFL Philadelphia kwa dola 2,500. Waliipa jina la Eagles kutokana na tai wa buluu, nembo ya mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa kufufua uchumi.

Uchumi wa Eagles wenyewe haukufufuka. Msimu wa kwanza walishinda michezo 3, wa pili 4, na mwaka 1935 walishinda 2 na kupoteza 9. Bell alikuwa mmiliki, mpiga debe na muuza tiketi kwa wakati mmoja. Inasimuliwa kuwa siku moja ya mvua walikuja watazamaji wachache kiasi kwamba aliwaalika wote wakae na waandishi wa habari chini ya paa, akawanywesha kahawa.

Chanzo cha balaa alikiona vizuri. Wakati huo kila mchezaji aliyemaliza chuo kikuu alikuwa mchezaji huru, na aliweza kusaini na timu yoyote iliyompa fedha nzuri. Vijana hodari walikimbilia Chicago Bears ya George Halas au New York Giants ya Tim Mara, ambako palikuwa na mishahara ya uhakika na matumaini ya ubingwa. Mwaka 1935 Bell alijitosa kumgombea Stan Kostka, mshambuliaji mwenye nguvu wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Dau lilipanda na kupanda tena, na mwishowe Kostka akaenda Brooklyn kwa fedha zilizotajwa kuwa dola 5,000, ambazo kwa nyakati zile zilikuwa mali.

Mei mwaka huo, wamiliki walipokutana Pittsburgh, Bell alisimama na kuwaeleza kuwa ligi ni mnyororo, na uimara wa mnyororo hupimwa kwa pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Akapendekeza majina ya wanachuo wote wanaomaliza yawekwe pamoja, na timu zichague kwa zamu kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, raundi baada ya raundi. Mchezaji akishachaguliwa, timu nyingine zote zisiruhusiwe kuzungumza naye. Halas na Mara ndio waliokuwa na cha kupoteza, lakini nao waliunga mkono. Walijua kwamba bingwa asiye na wapinzani hatimaye hukosa watazamaji. Yafaa kukumbuka pia kwamba kanuni hiyo iliwaondolea wote adha ya kupandishiana dau, hivyo kura yao haikuwa sadaka tupu.

Drafti ya kwanza ilifanyika Februari 8, 1936, katika hoteli ile ile ya Ritz-Carlton. Hapakuwa na kamera wala mashabiki. Majina yapatayo 90 yaliandikwa ubaoni, mengi yakitokana na magazeti na maneno ya makocha, kwa kuwa timu hazikuwa na watafuta vipaji. Timu tisa zilichagua wachezaji tisa kila moja, jumla 81.

Eagles, waliokuwa wa mwisho, walianza. Bell alimchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mshindi wa kwanza wa tuzo ambayo sasa inaitwa Heisman. Berwanger alitaka malipo ambayo Bell hakuwa nayo. Bell akauza haki ya kumsajili kwa Halas na kupewa beki mmoja, Art Buss. Halas naye akashindwa kuafikiana na kijana huyo, ambaye aliona afadhali aajiriwe katika kampuni ya bidhaa za mpira mjini Chicago, wala hakucheza katika ligi hiyo hata siku moja. Kati ya wachezaji tisa aliowachagua Bell mwaka huo, hakumpata hata mmoja. Mbunifu wa drafti aliondoka mikono mitupu katika drafti yake mwenyewe, wakati Bears waliotajwa kuwa wakubwa waliondoka na Joe Stydahar katika raundi ya kwanza na Danny Fortmann katika raundi ya mwisho, wote wawili wakawa magwiji.

Jambo jingine halikuonekana ubaoni. Tangu mwaka 1934 ligi haikuwa na mchezaji mweusi, bila kanuni yoyote iliyoandikwa, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1946. Usawa aliouhubiri Bell ulikuwa usawa wa wamiliki. Hadi mwaka 1949, miaka 13 baada ya drafti ya kwanza, ndipo mchezaji mweusi alipochaguliwa: George Taliaferro wa Indiana, tena katika raundi ya 13.

Ukata ulimwandama Bell. Mwaka 1936 aliwanunua wenzake na kubaki mmiliki pekee, na kwa kuwa hakuweza kumlipa kocha alijiteua mwenyewe. Katika misimu mitano alishinda michezo 10, akapoteza 44 na kutoka sare miwili. Ukweli ni kwamba hakuwa kocha. Desemba 1940 alianza mpango wa ubia na Art Rooney wa Pittsburgh, na katika kubadilishana timu na miji mwaka 1941 Bell akajikuta Pittsburgh, Eagles ikiwa mikononi mwa kijana tajiri, Alexis Thompson. Eagles ilitwaa ubingwa mwaka 1948 na 1949 ikiwa na Steve Van Buren, mkimbiaji aliyepatikana kwa drafti ya mwaka 1944. Dawa ya Bell ilifanya kazi, ila mgonjwa aliponea nyumba nyingine.

Januari 1946 wamiliki wenzake walimchagua kuwa kamishna. Alikabidhiwa vita. Ligi mpya, All-America Football Conference, ilikuwa imeanzishwa na ilikuwa ikigombea wachezaji kwa fedha. Kwa miaka minne wachezaji walikuwa tena na milango miwili ya kubisha, na mishahara ikapanda. Desemba 1949 Bell alifanikisha muungano: Cleveland Browns, San Francisco 49ers na Baltimore Colts zikajiunga na NFL, nyingine zikafa. Mlango mmoja ukafungwa.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kupanga ratiba. Aliifanya nyumbani, mezani, kwa vipande vya dhumna vilivyobandikwa majina ya timu, akivisogeza usiku kucha ili wanyonge wakutane na wanyonge mapema na wakubwa wakutane na wakubwa. Shabaha yake ilikuwa kwamba hadi katikati ya msimu mashabiki wa kila mji wawe bado na matumaini.

Hata hivyo, upande wa pili wa sarafu ulikuwa ukimsubiri. Bill Radovich, mchezaji wa Detroit Lions, aliomba uhamisho kwenda Los Angeles kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa. Alikataliwa, akahamia ligi pinzani mwaka 1946, na NFL ikamweka katika orodha ya waliopigwa marufuku. Mwaka 1948 klabu ya ligi ndogo ya San Francisco ilitaka kumpa kazi, ikaacha ilipoonywa kuwa nayo ingeadhibiwa. Radovich alikwenda mahakamani. Februari 25, 1957, siku Bell alipotimiza miaka 62, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba NFL inabanwa na sheria za kuzuia ukiritimba kama biashara nyingine yoyote.

Hapo ndipo ubora wa Bell ulipojitokeza, na huenda ndiyo saa iliyompa heshima kuliko ile ya Pittsburgh. Agosti 1957, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, alitangaza kukitambua chama cha wachezaji, ambacho wamiliki wengi hawakutaka hata kukisikia. Mfuko wa pensheni wa wachezaji ulioundwa baada ya kifo chake ulipewa jina lake. Mwaka 1963 aliingizwa katika kundi la kwanza la magwiji wa mchezo huo.

Minyororo mingine ilibaki. Mrithi wake, Pete Rozelle, aliibana zaidi: kuanzia mwaka 1963, timu iliyomchukua mchezaji aliyemaliza mkataba ililazimika kuifidia timu aliyotoka kwa kiwango ambacho kamishna mwenyewe alikipanga, na matokeo yake wachezaji wachache mno walihama. Baada ya kesi nyingi na migomo, mwaka 1993 yalifikiwa makubaliano yaliyompa mchezaji wa muda mrefu haki ya kwenda anakotaka mkataba wake unapokwisha, na mwaka uliofuata kikawekwa kikomo cha fedha ambazo timu inaweza kutumia kwa mishahara. Tangu hapo kikosi hujengwa kwa njia mbili: vijana kwa drafti, wazoefu kwa soko la wachezaji huru.

Mlalamikaji aliyeongoza kesi hiyo ya mwisho alikuwa Reggie White, beki aliyechukuliwa na Eagles katika drafti ya ziada ya mwaka 1984. Wamiliki walihofu kwamba uhuru huo ungewapeleka wachezaji wote bora katika miji mikubwa, hofu ile ile iliyomkosesha Bell usingizi mwaka 1935. Aprili 1993 White aliondoka Philadelphia na kusaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 17 na Green Bay, mji wenye watu wapatao 100,000, mdogo kuliko yote katika ligi. Januari 1997 Green Bay ilitwaa ubingwa, na katika fainali hiyo White alimwangusha kwotabeki wa New England mara tatu.